Mkalimani wa Mfalme wa Mweru

Asubuhi hiyo Pierrette alikuwa akikaanga vitumbuwa karibu na bandari ya Kashikishi, pale wanaposhukia watu wa Kilwa na Pweto za Kongo, ng'ambo ya Ziwa Mweru, na karatasi za kufungia zilikuwa zimemwishia. Alinunua robota jipya kwa dereva wa lori lililotoka Kasama. Dereva alisema amelipata katika nyumba ya Mzungu mmoja mzee aliyefariki bila kuacha ndugu. Pierrette alipokata kamba aliona kwamba ni magazeti, yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, yananuka kama kabati lililofungwa muda mrefu. Alichana ukurasa mmoja, akamfungia mteja vitumbuwa, akaona kwamba karatasi ya zamani inanyonya mafuta vizuri kuliko ya siku hizi.

"Mwalimu, kuya uone," alimwita Eddy. "Hii gazeti ni ya wapi?"

Eddy Nkulu alikuwa ameketi juu ya gunia la chisense, dagaa wakavu wa ziwa lile, akimsubiri mfanyabiashara aliyetaka kutafsiriwa. Kwao Kongo alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari nyuma ya Pweto, na kila Ijumaa aliwafundisha wanafunzi kuigiza. Mwaka 2017 alikimbia vita, akavuka ziwa na nguo alizovaa, akalala katika mahema ya wakimbizi ya Kenani, na alipotoka huko akajikuta hana shule wala wanafunzi. Sasa alisimama kati ya Wakongomani waliouza na Wazambia walionunua, akawatafsiria samaki, injini, magomvi, na mara moja moja posa. Wazambia walimwita ba Eddy, kwa heshima, walipomhitaji. Wasipomhitaji hawakumwita chochote.

Aliuchukua ukurasa, akautazama. Lilikuwa gazeti la koloni moja ya Waingereza ng'ambo ya bahari, la miaka ambayo hata babu wa babu yake alikuwa hajaoa. Ukurasa mzima ulikuwa matangazo.

"Ya teatre na ya vitabu," alisema.

"Basi soma. Batu banangojea mafuta ipate moto."

Eddy akasoma kwa Kiingereza, kisha akatafsiri. Kapteni mstaafu aliutangazia umma kwamba mashairi yake ya machweo, yaliyojalidiwa kwa ngozi nyekundu, yanapatikana kwa wauza vitabu wote wenye heshima. Waliokuwa kwenye foleni wakacheka pale kwenye neno heshima.

Kesho yake Pierrette aliikuta meza yake imejaa vitabu vyekundu, vimepangwa vizuri kando ya unga, vikiwa na unyevu kidogo kwa chini. Aliuliza majirani ni vya nani. Hakuna aliyejua, kwa hiyo alivisukuma pembeni ili apate pa kuweka beseni. Kabla ya mchana wanaume wanaovuta tumbaku ya kusokota walikuwa wamechukua vingi, wakisema karatasi yake ni nyembamba na inaungua sawasawa. Eddy alichukua kimoja akaenda nacho chumbani kwake. Mashairi yalikuwa mabaya, lakini aliyasoma yote.

Tangu hapo kila asubuhi watu walimwomba asome. Aliposoma tangazo la Bibi fulani anayefundisha mabinti kuimba na kutembea jukwaani, wavulana waliokuwa wakishona nyavu wakaanza kutembea kwa madaha wasiyofundishwa na mtu, wakaacha baada ya wiki. Foleni ya Pierrette ikawa ndefu. Hata mnunuzi mmoja mkubwa wa samaki, mwanamume wa shati safi ambaye hakuwahi kumsalimia Eddy, alikuwa akisimamisha baiskeli yake asikilize.

Ndipo siku moja Pierrette alipomkabidhi ukurasa wenye tangazo la ukumbi wa michezo. Eddy akasoma kwamba Jumamosi ijayo saa tisa alasiri, na kila Jumamosi hadi itakapotangazwa vinginevyo, kwa idhini ya Mheshimiwa Gavana, kutakuwa na mchezo wa kuchekesha wa sehemu mbili, na nyimbo za mabaharia, na kwa mara ya kwanza katika koloni hiyo...

Aliyaona maneno yaliyofuata kabla ya kuyafikia. Chini yake kulikuwa na tangazo la wino wa kuandikia, na angeweza kurukia hapo bila mtu kujua. Lakini watu walikuwa wameshaanza kucheka, na mtu wa shati safi alikuwa ameuegemeza mwili wake wote kwenye usukani wa baiskeli, mdomo wazi. Eddy akaishusha sauti yake chini kabisa, kama alivyokuwa akiwafundisha wanafunzi kumtangaza mfalme.

"Mfalme Mla-Watu wa Ziwa Moero! Aliyekamatwa kwa hatari kubwa, atasimama mbele ya umma na kusema kwa lugha yake mwenyewe. Mkalimani atakuwepo. Mabibi wenye moyo mwepesi wanashauriwa kukaa nyuma."

"Moero si njo hii yetu?" mtu mmoja aliuliza.

"Njo hii, Mweru," Eddy alijibu, na watu wakacheka zaidi, wakisontana vidole.

Jumamosi ilipofika, jukwaa lilikuwa limesimama kwenye mchanga, kati ya mitumbwi ya watu wa Kilwa na mahali pa kuanikia chisense. Lilikuwa la mbao, na mapazia yake mekundu yalikuwa yamelowa kwenye pindo. Wanawake walioanika samaki walilalamika kwamba linawawekea kivuli, nao wakahamisha mikeka yao. Karani wa ushuru wa soko alikuja kuuliza kibali. Meneja wa ukumbi, Mzungu wa masharubu mekundu, akamwonyesha idhini ya Gavana. Karani alisema Gavana huyo hamfahamu ila muhuri wake ni mzuri, akaenda zake.

Watazamaji wa Kizungu walikuja na jukwaa lao. Waliketi mbele kwenye viti, mabibi wakiwa na glavu na vipepeo vya kujipepea, mabwana wakiwa na kofia ndefu. Manyunyu yalipowagusa, wino ulichuruzika kidogo kutoka kwenye pindo za nguo zao ukaingia mchangani. Nyuma yao palikuwa na kamba, na nyuma ya kamba walisimama watu wa Kashikishi.

Mchezo wa kuchekesha ulikwisha, mabaharia wakaimba. Kisha meneja akaja mbele, akauliza kwa Kiingereza mkalimani yuko wapi, kwa kuwa tangazo limeahidi mkalimani. Watu wa nyuma ya kamba wakageuka wote wakamtazama Eddy.

"Ba Eddy, endeni," alisema mtu wa shati safi, akainua kamba kwa mkono wake mwenyewe ili Eddy apite. "Endeni, mukwai," aliongeza, kwa Kibemba cha heshima.

Meneja akamvisha koti jeusi lenye mikia na kofia ndefu. Vilimkaa vizuri. Hakumpa maneno ya kusema. Alimwambia tu kwa sauti ya chini kwamba mabibi na mabwana hawa wamekuja kumsikia mfalme, kisha akavuta pazia.

Mtu aliyesimama nyuma ya pazia alikuwa kijana mwembamba, amevalishwa manyoya ya ndege asiyeishi Mweru, na mguu wake ulikuwa umefungwa kwa mnyororo kwenye mbao. Alipomwona mtu mweusi mwenzake akija, alimwangalia sana.

"Unasikia Kiswahili?" aliuliza. Kilikuwa Kiswahili cha misafara ya zamani, lakini kilisikika.

"Ninasikia," Eddy alisema.

Uso wa yule kijana ukafunguka. Alifuta jasho, akasimama wima, akasema kwa sauti ambayo kila Mkongomani wa nyuma ya kamba aliisikia.

"Mungu asifiwe. Tangu nimefika hapa sijapata mtu wa kunisikia. Mimi si mfalme. Mimi Mwenya, mtoto wa Chilufya, mvuvi wa Kabuta. Nalikuwa nategua mitego yangu, wakanikamata, nikabeba pembe mpaka bahari, nikatiwa chomboni. Waambie watu hawa sijala mtu. Waambie nataka kurudi. Mama yangu Chilufya hajui kama ningali hai."

Kwenye neno mama sauti yake ilikatika.

Eddy akageuka kwa watazamaji. Safu zote za viti zilikuwa zinamtazama yeye, na nyuma ya viti Kashikishi nzima ilikuwa kimya ikimngoja, watu ambao wengi wao, kabla ya magazeti, hawakuwahi kumtazama usoni. Tangu alipovuka ziwa hakuwahi kusimama mahali ambapo watu walinyamaza ili aseme. Akainua kofia. Akasema, kwa Kiingereza kizuri cha jukwaani, kwamba Mfalme wa Mweru anawasalimu, kwamba safarini alikula wapagazi na sasa ana njaa tena, na kwamba sauti imemkatika kwa hamu, kwa sababu anauliza kama yule bibi mnene wa safu ya mbele huandaliwa kwa pilipili au bila pilipili.

Vicheko vilitoka mbele kwanza. Bibi mnene alijifunika uso kwa kipepeo. Kisha Wazambia wa nyuma ya kamba, waliosoma Kiingereza shuleni, nao wakacheka, wakashikana mabega. Mwenya aliwatazama, akamtazama mkalimani wake, akangoja. Mabwana walisimama wakapiga makofi, na Eddy akainama, akainama tena.

Kufikia jioni jukwaa halikuwepo. Mchanga ulikuwa na madoa ya wino tu, na kuku walikuwa wakiyadonoa.

Jumatatu, vijana waliokuja kununua vitumbuwa walikuwa bado wanaurudia mzaha wa pilipili, wakamweleza Pierrette kwa ishara na kwa Kiswahili chao kidogo cha sokoni. Pierrette hakujua Kiingereza. Jumamosi alikuwa amesikia maneno ya Mwenya tu, na alikuwa ameshangaa kidogo kwa nini watu walicheka. Aligeuza vitumbuwa vilivyokuwa kwenye mafuta, akangoja vijana waondoke, ndipo akamwita Eddy.

"Mwalimu. Ile mambo ya pilipili, yule mutoto alisema wapi?"

Eddy alisema, "Ni teatre, mama. Mu teatre inakuwaka vile."

"Alisema mama yake hajue kama eko muzima. Miye nilisikia na masikio yangu."

"Njo ninakuambia, ni teatre."

Pierrette alichukua ule ukurasa wa tangazo uliokuwa umebaki chini ya beseni, akautia motoni chini ya karai. Uliungua mara moja. Kisha akamfungia Eddy vitumbuwa vyake kama siku zote, akampa huku anaangalia ziwa.

Aliyekuja baadaye alikuwa Eness. Yeye aliuza samaki wakavu, na alizaliwa Kabuta, ambako kaka zake bado walitega nyavu. Kiswahili chake kilikuwa cha bei na mizani, lakini jina la kijiji chake na jina la Chilufya alikuwa ameyasikia vizuri.

"Ba Eddy, mwapoleni," alimsalimia. "Ule mutu anasema Kabuta?"

"Ndiyo, ba Eness."

"Anasema Chilufya?"

"Njo mama yake."

Eness alikaa kwenye ukingo wa gunia. Kwao kulikuwa na Chilufya wa zamani sana, alisema, ambaye aliambiwa kila siku aache kukaa ufukweni, naye hakuacha mpaka akafa hapo hapo. Bibi yake Eness alikuwa akiwaonyesha mahali penyewe. Mwana wa Chilufya alichukuliwa na msafara wa pembe.

"Mi nilicheka," Eness alisema. Alisema tena, kwa Kibemba, polepole, kwamba alicheka kwa mdomo huu. Kisha akashika mkono wa Eddy kwa mikono yake miwili na kupiga goti kidogo, kama anavyoombwa mtu mkubwa. "Ambia bale bazungu. Bamuache. Ni mutoto wetu."

"Nitabaambia," Eddy alisema.

Jumamosi ya pili jukwaa lilirudi, ingawa tangazo lilikuwa limeungua. Eddy angeweza kubaki chumbani. Badala yake alikopa pasi kwa jirani, akalinyoosha koti la mkalimani, alilokuwa amebaki nalo, kwa kuwa lilikuwa limejikunja kwenye mikia. Eness alileta sahani ya nshima, ugali wa huko, na samaki wa pale aliyepikwa na nyanya, na meneja akaruhusu apelekewe mfalme. Mwenya alinawa mikono, akamnusa samaki, akafumba macho. Akala taratibu, akitoa miiba mmoja mmoja na kuiweka kando ya sahani. Mabibi wa mbele waliinua miwani yao ya vijiti ili waone vizuri, na mmoja akazimia kwa adabu mikononi mwa mumewe.

"Huyu ni samaki wa kwetu," Mwenya alimwambia Eddy. "Nani amempika?"

"Mutu wa Kabuta."

"Kuna mtu wa Kabuta hapa?" Akanyoosha shingo kutazama nyuma ya kamba, lakini taa za jukwaa zilikuwa zinamulika macho yake. "Basi nami ni karibu na kwetu. Waambie wanifungue. Hata kwa miguu nitafika."

Alisema mengi siku hiyo, na akayasema kwa matumaini. Eddy alikuwa amejiandaa. Sentensi za Kiingereza alikuwa nazo tayari mdomoni, fupi na za wazi. Alipogeuka, alimwona yule mtu wa shati safi nyuma ya kamba. Alikuwa amekuja na mke wake na dada zake, na alikuwa akiwaonyesha Eddy kwa kidole na kuwaambia kwamba huyo ni rafiki yake. Eddy akafungua mdomo, na kilichotoka ni hadithi ya mfalme aliyemsifu mpishi wake kwa namna alivyomkaanga mmisionari. Ilikuwa bora kuliko ya wiki iliyotangulia. Aliongeza hata ishara za mikono.

Makofi yalipoanza hakuthubutu kutazama upande aliosimama Eness. Baadaye alipotazama, alimwona akiokota sahani yake jukwaani na kuipangusa kwa ncha ya chitenge, kisha akaondoka bila kumpita karibu.

Wiki hiyo hakuna aliyemlaumu. Watu wa Kashikishi walimsalimia zaidi ya zamani, na wauza soda na wauza mihogo ya kuchoma walimwomba amwulize meneja kama Jumamosi wanaweza kuweka meza zao karibu zaidi na kamba. Wakongomani pia walimsalimia, lakini hawakumwita Mwalimu tena. Walimwita Monsieur. Eddy alipopita kwa Pierrette mazungumzo yalisimama mpaka apite, na alijikuta akipita upande wa pili, kwenye matope ya mitumbwi. Kuna siku alivaa lile koti nyumbani ili asikie kama atapata maneno ya kweli akiwa amelivaa. Aliyasema yote, mbele ya ukuta, kwa Kiingereza safi.

Ijumaa alimtafuta Eness sokoni.

"Kesho nitabaambia," alisema.

Eness aliendelea kupanga samaki wake. "Mulisema."

"Kesho nitabaambia kweli, ba Eness. Na weye utasikia, kwa Kiingereza."

"Nitakuja," alisema, bila kuinua kichwa.

Jumamosi alipanda jukwaani bila kofia. Mwenya alimsalimia kama ndugu. Akarudia maneno yake ya kwanza, jina lake na la mama yake, mitego, pembe, bahari, na Eddy akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye ukingo wa jukwaa, akasema kwa Kiingereza, bila mbwembwe, neno kwa neno.

"Mtu huyu si mfalme. Anaitwa Mwenya. Ni mvuvi wa kijiji kilicho karibu na hapa. Aliibiwa. Hajala mtu yeyote. Anaomba mumfungue aende nyumbani, kwa sababu mama yake hajui kama yu hai."

Wakacheka.

Walicheka mahali pale pale walipocheka mwanzo, kwa kiasi kile kile. Kwenye neno mama, bibi mnene wa safu ya mbele alijifunika uso kwa kipepeo, na mabega yake yakatikisika. Eddy alidhani hakusikika, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akataja msafara, akataja mnyororo, akauonyesha kwa kidole. Mabwana walisimama wakapiga makofi. Meneja, kutoka pembeni, alimfanyia ishara ya kuridhika na kumwonyesha saa yake, kwamba wanakwenda sawa na ratiba.

Nyuma ya kamba watu walikuwa kimya safari hii. Walikuwa wameelewa, wote, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Baadhi waliangalia chini. Muuza mihogo alisimamisha kipepeo chake cha makaa kwa muda, halafu akaendelea kupepea, kwa sababu mihogo ilikuwa inataka kuungua. Mtu wa shati safi alianza kukagua mnyororo wa baiskeli yake. Eness alikuwa amekunja mikono juu ya kifua na anamtazama Eddy moja kwa moja, na katika macho yake hakukuwa na hasira. Eddy angependelea hasira.

Alisimama pale na lile koti lake lililonyooshwa, akijiuliza kama Jumamosi ya kwanza, kabla hawajafundishwa wacheke wapi, kuna hata mmoja kati yao angesikia. Hakuna namna ya kulijua hilo sasa. Huenda ingekuwa hivi hivi. Huenda pia yule bibi angekiteremsha kipepeo chake.

Nyuma yake mnyororo ulilia kidogo kwenye mbao.

"Umewaambia?" Mwenya aliuliza.

"Nimebaambia."

"Yote? Na habari ya mama?"

"Yote."

Mwenya aliwatazama watu wale wa mbele, vinywa vyao vilivyo wazi, glavu zilizokuwa zikipigana, machozi yaliyokuwa yakifutwa kwa leso. Hakuwa ameishi na Wazungu, na hakuwa na hakika nyuso zao zinafanya nini wanapohuzunika.

"Wanasema nini?"

Mwanga wa ziwa ulikuwa unapita kati ya mapazia na kumwingia Eddy machoni.

"Banasema banasikia," alisema.

Mwenya akaweka mkono kifuani, akafumba macho kidogo, akamshukuru. Kisha akajirekebisha manyoya yale, akasogea mpaka mnyororo ulipomruhusu, akaanza kuwataja watu wa kwao waliokuwa wakimngoja, mmoja mmoja, na nyumba zao, na mitumbwi yao, polepole, ili mkalimani asiachwe nyuma.